Ua la Vanila Halingoji Saa Sita

Mgeni rasmi, mkubwa wetu Komanda,

KARIBU
Sisi akina mama walimaji wa vanila wa Mulekera tunakushukuru kwa kuja kutusikiliza katika siku hizi za vita. Karibu kati yetu.

KAZI YETU
Ua la vanila hufunguka alfajiri. Adhuhuri limekwisha kunyauka. Ndani yake mume na mke wanakaa nyumba moja, lakini kuna kijingozi kinachowatenga, na nyuki wa kwetu hawajui kukiinua. Tunakiinua sisi kwa mwiba, kisha tunawagusanisha kwa kidole gumba. Kazi hiyo tunaiita kuozesha maua. Mizizi tunaifunika majani makavu, mmea tunauachia kivuli, lakini ua lisiloozeshwa asubuhi hudondoka tu, na mavuno ya mwaka yanakwenda nalo.

YALIYOMPATA MWENZETU
Tangu bariera ya askari wako iwekwe kuziba njia ya mashamba, hakuna kupita kabla ya saa sita. Orpa, mjane mwenye watoto, alivumilia, kila akifika anakuta maua yamelala chini. Asubuhi moja akaenda mapema.

"Mama, unaenda wapi?" askari akauliza.

"Niko naenda kuozesha maua, mutoto wangu."

"Maua inaolewaka? Uko unapelekea adui habari!"

"Hapana, baba. Kuya uone na macho yako."

Askari mwenzake akacheka. Aliyeuliza hakucheka. Orpa alipopiga hatua, risasi ikamvunja mkono wa kuume. Anasema maumivu yalichelewa. Kilichotangulia ni hasira, maana jua lilikuwa linapanda.

Muganga wa hospitali aliuokoa mkono, ila kidole gumba hakikunjiki tena. Orpa alilia, kisha akaanza kujifunza kwa mkono wa kushoto kwenye mmea ulio nyuma ya nyumba yake. Maua mengi aliyachana. Wiki hii ua moja limekataa kudondoka: limeshika tunda.

OMBI LETU
Mkubwa, hatukuja kumshtaki kijana wako. Tunaomba bariera ifunguliwe jua likichomoza, majira haya ya maua tu.

Maua ya kesho yamekwisha kuvimba. Kwa hiyo kesho jua likichomoza tutapita, sisi sote, mikono juu, kila mmoja na mwiba wake. Orpa atatangulia, tumemsihi abaki nyuma, amekataa. Tafadhali, waambie askari wako leo.

Mungu awalinde watoto wako, awalinde na wetu.

Ni sisi, Umoja wa Akina Mama wa Vanila, Mulekera.
Msomaji: Kanyere.