Eyo Vidye Iliyonitoka Mdomoni

Asifiwe Bwana aliyenirudishia jina langu, ndugu zangu! Mimi ni Ilunga, mwana wa mama Ngoi wa Kabondo-Dianda. Leo nalitaja jina hilo kwa furaha, lakini hapa Kamina nililificha miaka mitatu.

Mlinijua kama Monsieur Bulaya, yaani Bwana Ulaya, mpiga gitaa. Nilivaa miwani nyeusi hata ndani ya baa. Nilitangaza kwamba nimezaliwa mjini Elisabethville, na lugha yetu ya Kiluba siijui kabisa. Mtu akinisemesha Kiluba, namgeukia mwenzangu, "Anasema nini?" Nanyi mlishangilia! Kichwa kikazidi kuvimba.

Ndugu zangu, siku moja mama alishuka treni na kikapu cha samaki wakavu, akanikuta sokoni katikati ya mashabiki wangu. Akaniita Ilunga. Nikamkana, nikawaambia wale watu, "Mimi simuyue uyu mama." Mama akajitwisha kikapu, akaondoka.

Tangu hapo kila nikiimba, sauti inakauka. Nilikunywa mayai mabichi, nikanunua dawa, wapi! Nilijua ni nini, ila sikuthubutu kusema.

Bwana aliningoja kwenye arusi ya karani mmoja, mchana kweupe, uwanja umejaa. Mama alikuwa amealikwa na ukoo wa bibi arusi, mimi sina habari. Katikati ya wimbo nikasikia nyuma yangu mama akinisalimu kwa Kiluba. Kabla sijafikiri, gitaa linaning'inia, mikono yangu inapiga makofi taratibu kwa heshima, na mdomo unajibu kama alivyonifundisha yeye utotoni: "Eyo vidye!" Maana yake, "Ndiyo, bwana," jinsi tunavyowaitikia wakubwa wetu, wanaume kwa wanawake.

Uwanja mzima ukacheka. Baba mmoja akasema, "Kumbe Bulaya yake njo Kabondo!" Niliona aibu ya kufa. Halafu, ndugu zangu, nikajisikia mwepesi! Nikavua miwani, nikapiga magoti mbele ya mama, nikalia. Hakunigombeza. Alisema, "Mutoto yangu, samaki yako iko. Nilikubekea." Wale samaki wa sokoni, alikuwa ameniwekea!

Siku ile sauti yangu ilirudi, na tangu siku ile naimba kwa Kiluba humu kanisani. Ninamshukuru Mungu kwa kinywa kilichonishinda! Wewe uliyejificha nyuma ya jina la kujitungia, mwamini Yeye. Anakujua tangu ulipokuwa mgongoni mwa mama yako, na hajakukana.

Mama yangu ameketi pale, benchi la pili. Mama, niite tena, mbele ya hawa wote.