Pima Tena na Mkono wa Majaribio

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi cherehani mliyezoea kumwita Pima Tena. Ametutoka wiki hii, moyo ulisimama ghafla. Jina hilo alilipata kihalali. Mimi alinipima kiuno mara tatu, huku akinitazama kwa jicho la pembeni kana kwamba kingine nimekificha.

Hakuamini mtu. Vidole vilipoanza kufa ganzi, hakuviamini navyo. Mikono yote miwili iliugua, lakini wa kulia, mkono wa mkasi, ulizidi. Siku moja alijichoma sindano bila kuhisi, damu ikadondokea gauni la harusi la mteja. Mkewe akamburuta hospitali.

Daktari alieleza kwamba mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Akipasua, ganzi huenda ikaisha. Huenda pia isiishe, au kidonda kikatunga usaha, au mshipa wenyewe ukajeruhiwa. Fundi alirudi nyumbani amenuna.

"Muuzaji anayetaja ubaya wa bidhaa yake, anaficha nini?" alimuuliza mkewe.

"Angesema hakuna hatari, ungemwita mwongo," mkewe akamjibu. "Sema tu unaogopa, mume wangu."

Aliogopa kweli. Bila mkasi angekuwa nani?

Sasa, fundi huyu hakukata kitambaa cha mteja kabla ya kujaribu kwenye kipande cha kutupa. Basi akampelekea daktari sharti: apasue kwanza wa kushoto, ili auone ukipona. Daktari akamsihi waanze na wa kulia, maana kuchelewa kutauharibu zaidi. Wapi! Kadiri alivyosihiwa ndivyo alivyonusa mtego.

Ukapasuliwa wa kushoto. Ukapona. Narudia, wasikilizaji: mkono wa kushoto ulipona kabisa. Pima Tena akasema hiyo ni bahati tu, tungoje tuone kama itadumu. Akangoja, akangoja. Wa kulia ukanyauka penye shina la gumba, mkasi ukawa unamponyoka, na kazi ya kukata akaichukua binti yake.

Mama, na wewe binti yetu, poleni sana. Tuko pamoja nanyi katika msiba huu, na mimi binafsi nimeumia.

Na wewe unayenisikiliza huku miadi ya daktari umeiweka kiporo, tafakari neno hili la mjane:

"Siku za mwisho alikuwa akinishika shavu kwa mkono wa kushoto tu. Alisema wa kulia haujui kama ni mimi."