Leza Haijali Giza

Kwenye treni ya asubuhi, nyuma yangu, fundi wa kiwanda cha saruji alimuuliza dada mpimaji hewa: "Utaupimaje moshi wetu na getini huingii?"

"Nikiwa ng'ambo ya mto, kaka. Narusha mwanga wa leza juu ya bomba lenu. Ukigonga vumbi, unanirudia, nami najua mmetoa kiasi gani."

"Mkitufunga, wanangu watakula mwanga?"

"Na wanaokohoa mtaani?"

Nilijifanya nasoma gazeti. Fundi akashusha sauti. "Wangu wa mwisho anakohoa. Vichujio vya vumbi vipo, ila bosi huvizima usiku."

"Leza haijali giza."

"Basi njoo usiku," alisema, treni ikisimama, "ila kazi yangu usiiguse."

Dada akabeba sanduku lake. "Kuja nitakuja. Hilo la pili siliahidi."