Tunaomba Chumba Chenye Mlango

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, tunakusalimu kwa heshima. Karibu kwetu huku juu Ufipa. Baridi ikikuzidi, khanga na mablanketi yapo.

SISI NI NANI
Ni wanawake kumi na tisa. Tunachambua maharage ya mbegu tukiwa tumekaa kwenye vigoda kutwa nzima. Mwenzetu Justina alikuwa anachambua amesimama, ungo juu ya pipa. Tukasema anaringa. Mwaka juzi tukamtoa kikundini, na tunaona aibu kulisoma hili mbele yake.

TULICHOJIFUNZA
Justina hakuwa anaringa. Kila akikaa, sehemu za nje za uke zilimwaka kama zimepakwa pilipili. Miaka minne! Chumbani alimgeuzia mumewe mgongo akilia, naye Evaristi akadhani hapendwi tena. Zahanati wanapimia nyuma ya pazia, foleni nzima inasikia. Akaogopa kuvua, akawa anapewa dawa za fangasi kwa maelezo tu. Baadhi yetu, aliotudokezea tu kwamba anawashwa, tukamshauri anawe kwa sabuni na maji ya chumvi. Maumivu yakazidi.

MAFANIKIO
Nesi Maulida alipokuja na huduma ya mkoba, ile ya kutembelea vijiji, aliazima ofisi ya kijiji, akafunga mlango, akamgusa taratibu kwa kijiti cha pamba.

"Mama, sioni kidonda, na vipimo ni safi," alisema. "Lakini unaumwa kweli. Ni mishipa ya fahamu."

Justina alilia kwa kuaminiwa. Aliacha sabuni, akapewa dawa ya ganzi ya kupaka, vidonge vya kutuliza mishipa na mazoezi ya kulegeza misuli ya nyonga. Evaristi naye alielezwa, na sasa anamuuliza kwanza. Hajapona kabisa, ila mwezi uliopita alikwenda Sumbawanga mjini kwa basi, amekaa. Alipotueleza yote haya, tulimwomba radhi kikundini, naye amerudi.

OMBI
Chumba kimoja zahanati, chenye mlango wa kufunga. Matofali tumeshachoma. Na Nesi Maulida aje kila mwezi.

Tulitaka kuandika "mama mmoja". Justina akakataa: "Andikeni jina langu."

Mgeni rasmi, kikao kile cha kuandika risala hii kilipoisha, wenzetu wanne hawakuondoka. Walimsogelea Justina mmoja mmoja, wakamuuliza kwa sauti ya chini: "Wewe ilikuanzaje?"

Mungu akufikishe salama, na akulainishie moyo.

Ni sisi, Kikundi cha Wanawake Mbegu Safi.
Imesomwa na Dominika, katibu.