Sahani Iliyorudi Tupu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, afisa lishe wa hospitali yetu anastaafu tarehe 30 Juni. Wagonjwa humwita Mzee Sahani, nasi wa jikoni tumeiga. Kila mlo ukiisha husimama mlangoni pa kuoshea vyombo akikagua kilichobaki. Akiona yai limerudi zima, hakai: moja kwa moja wodini kuuliza kulikoni.

Alipoanza kazi, waliopasuliwa utumbo walikunywa uji mwepesi mpaka wakaukinai. Yeye aling'ang'ania kwamba, daktari akisharuhusu, wapewe mayai, samaki na maharage yaliyopondwa. Alitufundisha wapishi kuwa protini ikimeng'enywa hugeuka asidi amino, na mwili huzitumia kukarabati utando wa ndani wa utumbo na kujenga kinga dhidi ya maradhi. Somo hilo tumelisikia mpaka tunaliota. Hata kwenye harusi ya binti yangu alimkatiza mshereheshaji kuuliza maharage yako wapi!

Mwaka jana yakamfika mwenyewe. Alipasuliwa utumbo, akalazwa wodi ileile aliyozoea kusumbua watu. Daktari aliruhusu ale, lakini mwalimu wetu akagoma. Kidonda hakikufunga, homa ikaingia, mkewe akawa analia koridoni. Sahani zake zilirudi kama zilivyokwenda, na mimi, mpishi mkuu, ndiye niliyezipokea pale mlangoni pake. Jamani, niliogopa kumpoteza.

Nikavua aproni, nikapanda wodini. Nikamsomea somo lake lote, asidi amino, utumbo na kinga, tena kwa sauti yake ileile ya puani. Wodi nzima ilivunjika mbavu. Yeye alininunia, akanisahihisha mahali pamoja, kisha akaomba kijiko.

Siku hiyo alikula kidogo tu, kesho yake nusu yai. Homa ikashuka, kidonda kikaanza kufunga. Siku sahani yake iliporudi tupu, muosha vyombo aliiinua juu kila mtu aione. Jiko zima lilishangilia, nami nililia bila haya.

Mzee wetu, asante kwa kutusumbua miaka yote hiyo. Tunakutakia wewe na mama mapumziko marefu yenye afya na vicheko. Kuanzia Julai, pale mlangoni nitasimama mimi. Na Jumapili nitakuja kwako kukagua sahani yako.