Onesmo Erasto, Mpima Mchanga wa Mawese

Wakubwa shikamooni, na ninyi wengine tulieni, tumsome Onesmo.

Marehemu Onesmo Erasto alizaliwa Mwamgongo tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa tano wa mzee Erasto na mama Agnesi, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1977 hadi 1983, kisha sekondari Kigoma mjini, akamaliza 1987, sisi dada zake tukiwa tumeishia la nne.

Tarehe 2 Mei 1994 aliajiriwa maabara, kwenye kiwanda cha kusafisha mawese, kazi yake kupima mchanga na chenga za kokwa kabla mafuta hayajaingia mtamboni, maana vikipita vinakwangua pampu. Alikuwa anayapasha moto, anayakoroga toka chini, anayachuja kwa karatasi aliyokwisha kuipima, anaiosha mafuta yatoke, anaikausha, anaipima tena, uzito ulioongezeka ndio uchafu.

Alifunga ndoa na Winfrida tarehe 20 Julai 1996, wakajaliwa Bariki, Elida na Thobias, na Winfrida ni shahidi, hata mchuzi wa dagaa mumewe aliukoroga toka chini kabla ya kuonja.

Agosti 2017 dada yake mkubwa, Merina, ndiye huyu anayewasomea, alipeleka kiwandani mapipa manne ya mawese, Onesmo akayapima akayakataa yote, Merina akapita mtaani Buzebazeba nyumba kwa nyumba akisema kile kitambi cha mdogo wake si cha ugali, ni cha hongo za wafanyabiashara wa Simbo, na ninyi mkanogewa, maneno yakafika kiwandani, Onesmo akatolewa maabara akawekwa getini kufungulia magari. Mapipa yale Merina aliyasugua kwa mchanga wa ziwani, kama tunavyosugua masufuria, akasuuza mara moja tu, ndipo akayajaza mawese, na alilijua hilo siku ile ile.

Januari 2024 marehemu alianza kuugua figo, akalazwa, Merina akawa anampelekea uji, wanaongea habari za mvua na za majirani, hili la mapipa akaliacha la kesho, hadi tarehe 9 Septemba, saa nne asubuhi, Onesmo akakata roho, uji ukiwa bado wa moto. Merina hajalia mpaka sasa, msimshangae.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta maji na maturubai, na ninyi wenzake wa kiwandani, mkirudi mwambieni meneja kwamba Onesmo alipima sawasawa, na aliyesema hivyo ni mwenye mapipa.

Onesmo, mdogo wangu, pumzika, amani iwe yako.