Asnath Ntandu, Fundi Aliyenyoosha Gari Kabla ya Kulikaza

Mchungaji, wazee wetu, shikamooni, nanyi ndugu waombolezaji mliofika hapa Ihanja kutoka Manyoni na kwingineko, familia imenituma mimi, Simeoni, niwaeleze maisha ya dada yangu, Asnath Calist Ntandu.

Asnath alizaliwa hapa Ihanja tarehe 14 Machi 1978, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Calist na mama yetu Selina, akasoma shule ya msingi hapahapa na sekondari mjini Singida, na baba alipotaka aende ualimu, yeye akachagua ufundi wa magari, baba akanuna wiki nzima, naye kila asubuhi akampelekea chai, akamwamkia kwa adabu, wala hakubadili msimamo. Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1999, akaajiriwa Manyoni, na mwaka 2006 akafungua gereji yake karibu na stesheni.

Tarehe 9 Agosti 2003 alifunga ndoa na shemeji yetu Deo, wakajaliwa watoto wawili, Aneth na Peniel.

Mwaka 2021 alipata gari la michezo la viti viwili, la paa la turubai, lililowahi kupata ajali. Gari la namna hiyo hujinyonga kwenye barabara mbovu kwa kukosa paa la kulishika, na hilo lilizidi, maana ukiinua kona moja kwa jeki, mlango ulikuwa haufungi. Akaagiza chuma cha kukaza chasisi, kinachofungwa chini kwa bolti, nacho kikafika Januari 2024, mwezi uleule madaktari walipomwambia kwamba ana saratani ya titi.

Walipojaribu kukifunga, matundu ya chuma na ya gari yalipishana, na Urbano, fundi mwenzake wa miaka mingi, alipoona anavyohema, akamwambia, "Mama Aneth, tupanue matundu, tufunge, ukapumzike."

Asnath akamjibu, "Tukipanua matundu tutakuwa tumelikaza likiwa bado limepinda. Tunyooshe gari kwanza."

Basi kila aliporudi kutoka kwenye matibabu Dodoma, aliketi kwenye kigoda kando ya gari, kitambaa kichwani kwa kuwa nywele zilikuwa zimeisha, akapima kona kwa kona, Urbano na Deo wakavuta sakafu ya gari kwa mnyororo, wakalegeza, akapima tena. Deo alimsihi alale, naye akamwambia kwamba mwili wake sasa wanauamulia madaktari, ila gari hilo bado analiamulia yeye. Kuna siku alilia kwa maumivu, akajifuta uso kwa kanga, akaomba futi ya kupimia.

Mwezi Juni matundu yalikutana, bolti zikaingia kwa vidole tu. Alizikaza mwenyewe, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake juu ya shimo la gereji, kisha Urbano akaweka jeki kwenye kona, akainua, na mlango ukafunga.

Jumamosi ya tarehe 22 Juni 2024 aliliendesha mwenyewe kutoka Manyoni hadi hapa nyumbani, Deo akiwa pembeni yake. Mama alilizunguka, akalitazama, akasema, "Mwanangu, hili halina hata nafasi ya gunia."

"Lina nafasi yako, mama," akamwambia.

Deo akashuka, mama akapanda, wakaenda hadi Ikungi na kurudi, na mama anatuambia kwamba binti yake aliimba njia nzima.

Novemba ugonjwa ulimrudia kwa nguvu, akalazwa Dodoma, akaendelea kumwelekeza Urbano kwa simu hadi sauti ilipokatika, na alfajiri ya tarehe 3 Februari 2025 akafariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa Deo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Manyoni na wa hapa Ihanja waliopika na kukesha nasi, na mafundi wote wa gereji, hasa Urbano, aliyeshika mnyororo hadi mwisho.

Dada Asnath, kazi yako uliifanya kwa haki na sisi tumeiona. Sasa weka spana chini, upumzike kwa amani.